Mstaafu wa Junju: Mbwa mkongwe aliyepata mwenyewe

IWAPO umewahi kusafiri kwa barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malindi, basi umepita mlangoni pa Junju, pengine bila kujua. Ukishavuka daraja la Nyali, ukaziacha nyuma Bamburi, Shanzu na pilikapilika za Mtwapa, magari hupungua na upepo huanza kuingia dirishani. Kikambala inapita. Kisha, msomaji, unaingia Vipingo na macho yako yanapata jambo la kutazama: mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kama askari wa gwaride, na katikati yake mibuyu mikubwa iliyoachwa isimame ilivyo, maana ni nani angeiweza?

Ukiteremka maeneo hayo, mkono wa kulia una bahari na mkono wa kushoto una njia za vumbi zinazokwenda bara. Junju ni wadi katika eneo bunge la Kilifi Kusini, Kaunti ya Kilifi. Wakazi wake wengi ni Wamijikenda, hasa Wachonyi. Wapo wanaovua, wapo wanaolima mahindi, muhogo na kunde, wapo wagema, na wapo ambao miaka yao yote ya nguvu wameimaliza katika mkonge au katika kulinda nyumba za kifahari zilizo ufuoni.

Ni mahali padogo lakini pana sifa zake. Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi wamefuatilia afya za watoto wa Junju kwa miaka mingi ili kuuelewa ugonjwa wa malaria. Na pale Kuruwitu, wavuvi waliochoka kurudi na nyavu tupu waliamua mwaka 2005 kutenga sehemu ya bahari ya ukubwa wa hekta 30 hivi, pasivuliwe kitu. Wengi waliwacheka. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 wanakijiji hao wakatuzwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Haya yote yamekwisha kuandikwa. Mimi leo nimekuletea habari za mbwa.

Wazee wawili njiani

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2023. Mahindi yalikuwa yamevunwa na upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kiasi cha kumfanya mtu wa Mombasa atafute sweta. Nilikuwa nimemaliza mazungumzo yangu na wavuvi wa Kuruwitu, nikapanda bodaboda kwenda bara kumwamkia mama mzazi wa rafiki yangu niliyesoma naye chuoni.

Tulipofika penye miembe, kijana wa bodaboda akapunguza mwendo ghafla. Mbele yetu wazee wawili walikuwa wakijikokota katikati ya njia. Mmoja alikuwa mtu, na wa pili alikuwa mbwa.

Mtu alikuwa na fimbo na kofia ya kitambaa iliyofifia rangi. Mbwa alikuwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limekatika ncha, mguu wa nyuma ukichechemea. Kila baada ya hatua ishirini hivi mbwa alisimama kupumzika. Mzee naye alisimama, akatazama vilele vya minazi kama mtu anayehesabu madafu. Mbwa alipoanza kutembea, naye mzee akaanza.

Nikamwuliza kijana kwa nini hapigi honi.

"Nimpigie nani?" akanijibu. "Yule mbwa hasikii. Anaitwa Mstaafu. Na mwenyewe ni mstaafu vilevile. Sisi huwangojea tu."

Nikamlipa, nikashuka, nikamfuata mzee kwa miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nilipomweleza kwamba mimi ni mwandishi na kwamba ningependa kujua habari za mbwa wake, alicheka hadi akakohoa. Alisema kwamba amefanya kazi miaka mingi na hapana mwandishi aliyewahi kumtafuta. Leo ametafutwa kwa ajili ya mbwa.

"Haya, twende nyumbani," akasema. "Huyu akikaa chini hapa njiani, kumwinua ni shughuli."

Lango lililofungwa

Boma la mzee huyu ni nyumba mbili, moja ya makuti na moja ya mabati, na kivuli cha mkorosho uani. Mkewe alituletea vigoda na maji ya kunywa. Mbwa alizunguka mara tatu mahali pake palepale chini ya mkorosho, akajilaza kwa kuguna kama mzee anayeketi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee alikuwa mlinzi wa usiku katika nyumba moja ya ufuoni iliyokuwa ya wageni kutoka Ulaya. Mbwa alinunuliwa akiwa mtoto awe mwenzake wa zamu. Kwa miaka minane walilinda pamoja. Mzee alikaa langoni na tochi, na mbwa akazunguka ua. Mzee ananiambia kwamba usiku mmoja watu watatu waliruka ukuta wa upande wa bahari, na kama si mbwa, yeye leo asingekuwa akisimulia. Ncha ya lile sikio ilibaki hapo.

Kisha ukaja ugonjwa wa Korona mwaka 2020. Ndege za watalii zikasimama, na wenye nyumba waliokuwa kwao hawakurudi tena. Nyumba ikauzwa. Aliyeinunua alikuja na walinzi wake wa kampuni. Mzee akapewa pesa kidogo za kuagia, akarudi Junju. Mbwa hakuwa katika hesabu ya mtu yeyote. Wa kale hawakumtaja na wa sasa hawakumhitaji. Akatolewa nje, lango likafungwa.

Mzee alikiri kwamba siku ile alimwacha.

"Niliona haya, mwanangu, lakini niliondoka. Nilijiambia mimi mwenyewe sina kazi, nitamlisha nini? Nikasema atapata mwenyewe."

Miezi mitano baadaye alikwenda huko ufuoni kufuatilia deni lake la siku za mwisho za kazi. Alimkuta mbwa palepale nje ya lango, amelala juu ya mchanga wa kando ya ukuta. Mbavu zilihesabika. Kupe walikuwa wamejaa masikioni kama mbegu za mnyonyo, ngozi imeliwa na ukurutu, na jicho moja limeingia ukungu. Watu wa jirani wakamwambia kwamba mchana hushuka kuokota vichwa vya samaki mahali wavuvi wanapopaa samaki wao, na jioni hurudi langoni.

"Kila jioni?" nikauliza.

"Kila jioni. Saa ya zamu kuanza. Walikuwa wakimpiga mawe aondoke, naye akirudi. Yeye hakuambiwa kwamba kazi imekwisha."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo.

"Mimi nililipwa, japo kidogo. Yeye hakulipwa hata siku moja."

Akavua mshipi wa suruali yake, akamfunga shingoni, wakaanza safari ya kurudi Junju. Safari ambayo kwa kawaida humchukua mtu saa mbili ikawachukua toka asubuhi hadi magharibi.

Kosa la nyumbani kwetu

Msomaji mpenzi, yapo maneno ambayo ukiyasikia kwa mtu mwingine hukurudisha kwako. "Atapata mwenyewe." Mimi niliyasikia maneno hayo nikiwa na umri wa miaka tisa.

Tulikuwa tukikaa Voi, na baba alihamishwa kikazi kuja Mombasa. Tulikuwa na mbwa mzee aliyeitwa Simba, kama waitwavyo mbwa nusu nzima ya Kenya. Lori lilipojaa vyombo, hapakuwa na nafasi ya Simba, wala nyumba tuliyokodi Mombasa haikuruhusu mbwa. Nililia. Wazazi wangu, ambao si watu wabaya, wakaniambia nisiwe na wasiwasi, atapata mwenyewe. Simba alitufuata mbio hadi penye njia ya reli, kisha miguu ikamshinda. Nilimwona akikaa chini katikati ya vumbi la lori letu.

Sikuwahi kusikia kama alimpata mwenyewe. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuzungumzwa tena, na nadhani kila mmoja wetu alifurahi lisizungumzwe.

Kwa hiyo nilipokuwa chini ya mkorosho ule Junju, sikuwa na haki ya kumlaumu aliyenunua nyumba wala aliyeiuza. Wengi wetu tumewahi kumwacha mtu au mnyama langoni kwa sababu nguvu zake zilikwisha. Ni jambo la zamani. Katika hadithi za kale za Wayunani kuna mbwa aitwaye Argos, aliyekuwa hodari wa kuwinda ujanani. Bwana wake, Odisea, alipotea vitani na safarini miaka 20. Aliporudi kwa siri, alimkuta Argos amelala juu ya lundo la samadi, amejaa kupe, hakuna anayemwangalia. Mbwa alimtambua, akatikisa mkia, akafa. Hadithi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 2,500, na lile lundo la samadi halijaondoka.

Mdomo mwingine wa kulisha

Usidhani kwamba mzee alipokewa kwa vigelegele. Mkewe ananiambia bila kuficha kwamba siku ile alitaka kumfukuza mzee pamoja na mbwa wake.

"Sisi hapa unga tunaupima kwa kikombe," akasema mama huyo. "Mtu anarudi hana kazi, hana deni alilolipwa, ananiletea mbwa ananuka! Ningalifurahi kweli?"

Nami nikamwuliza sasa ni nani ampaye chakula. Mama akatazama upande mwingine. Mzee akacheka. Ni mama huyo huyo. Ukoko wa ugali huloweka katika maji aliyochemshia dagaa, akauponda uwe laini, kwa maana Mstaafu hana tena meno ya maana. Lakini ukimsikiza mama anavyomtukana wakati akimpa, utadhani ni adui yake.

Jambo la pili lilikuwa jirani. Upande wa pili wa ua anaishi shemeji yake mzee, Mwislamu mcha Mungu. Sote tulio wa Pwani twajua kwamba kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nilitarajia kusikia habari za ugomvi. Nikaenda kumwamkia na kumwuliza.

Alinikaribisha barazani kwa adabu kubwa. Alisema kwamba hamgusi mbwa huyo na hapendi aingie kwake, na mzee anamheshimu kwa hilo. Ndiyo maana kukajengwa uzio wa fito kati yao. "Lakini kutomgusa si kumdhulumu," akaniambia. Akanikumbusha habari ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mola akamsamehe madhambi yake. Akanikumbusha pia wale vijana wa pangoni, As-habul Kahf, ambao Kurani inapowataja humtaja na mbwa wao aliyejinyoosha mlangoni.

Kisha akanionyesha kigae cha mtungi kando ya uzio, upande wake. Kilikuwa kimejaa maji. "Jua la hapa ni kali," akasema, nasi tukazungumza mambo mengine.

Siku ya marungu

Mtihani mkubwa ulikuja mapema mwaka huo wa 2023. Mbwa koko asiyejulikana alitokea upande wa mashamba ya mkonge akamng'ata mtoto wa shule mguuni. Habari zikaenea, na kufikia jioni vijana walikuwa wamekusanyika na marungu. Mbwa yeyote asiye na mwenyewe auawe, wakasema. Walipofika kwa mzee walimkuta amesimama mbele ya mkorosho.

"Huyu ana mwenyewe," akawaambia. "Mwenyewe ni mimi."

Kijana mmoja akauliza swali la haki kabisa: "Mzee, kama wewe ndiwe mwenyewe, cheti chake cha chanjo kiko wapi?"

Mzee hakuwa na cheti. Ananiambia kwamba aliona aibu kuliko siku ile aliyomwacha langoni. Alikuwa amempa chakula, amemwondoa kupe, amempa jina, lakini hakuwa amempeleka akapigwe sindano. Kumbe alikuwa mwenyewe nusu tu.

Hapa, msomaji, tusiwacheke wale vijana. Hofu yao ina msingi. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15.

Lakini marungu si dawa. Ukiwaua mbwa wa kijiji kimoja, wengine huja kujaza nafasi yao, nao hawana chanjo. Kinachokata mnyororo wa ugonjwa ni kuwachanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake wa kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014, shabaha ikiwa ni mwaka 2030. Na mtu aking'atwa, jambo la kwanza ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kukimbizwa hospitalini siku hiyo hiyo akapewe chanjo. Asipakwe majani wala mafuta ya taa, na asingojewe hadi kesho. Mtoto yule wa Junju alioshwa vizuri na mwalimu wake, akamaliza sindano zake, na siku niliyofika alikuwa akicheza mpira.

Kwa upande wa mzee, mwenyekiti wa kijiji aliwatuliza vijana, akampa siku mbili. Kesho yake alfajiri mzee aliuza kuku wawili. Akamweka Mstaafu ndani ya gunia, kichwa nje, akampakata mbele yake juu ya bodaboda. Vijana wawili walikataa kumbeba mbwa. Wa tatu akakubali kwa nauli mara mbili, na tangu siku hiyo, ananiambia mzee, kijana huyo husimulia habari hiyo kila mahali kana kwamba alimbeba gavana.

Daktari wa mifugo alimkagua mbwa mwili mzima kuona kama ana kidonda cha kung'atwa, akamchanja, akampa dawa ya minyoo na ya ukurutu, na akaagiza afungwe nyumbani na aangaliwe kwa muda. Alimtazama meno na macho, akakadiria umri wake kuwa miaka 11 au 12. Kwa mbwa wa ukubwa huo, hiyo ni kama mtu aliyepita miaka 60.

"Rika langu," mzee akasema kwa kiburi kidogo.

Cheti cha chanjo kimo ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho chake cha taifa. Alinionyesha vyote viwili.

Ukitaka kumchukua mzee

Huenda wewe msomaji unaishi katika nyumba ya kukodi mjini, au wewe ni mwanafunzi mwenye chumba kimoja. Basi sikiza ushauri wa mzee kabla ya wangu: usimchukue mbwa kwa sababu ya kumwonea huruma siku moja. Mwulize kwanza mwenye nyumba. Waulize jirani. Jiulize ni nani atakayempa maji siku utakayosafiri.

Ukiisha kukata shauri, mbwa mzee ana wema wake. Hatafuni viatu, hachimbi maua, hana haja ya kukimbizwa uwanjani. Haja yake ni mahali pakavu pa kulala, mbali na sakafu yenye baridi, maana viungo vyake huuma asubuhi. Ataka chakula laini na maji safi. Kumbuka kwamba mifupa ya kuku iliyopikwa hukatika vipande vyenye ncha, na kwamba vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Usimpe dawa zako za maumivu, hata ukidhani unamsaidia. Nyingi huweza kumwua. Na ile desturi ya kumpaka mbwa mwenye ukurutu oili chafu ya gari, tafadhali tuiache. Humwunguza ngozi na kumtia sumu. Dawa za ukurutu zipo kwa daktari wa mifugo. Chanjo ni kila mwaka, awe mzee au kijana.

Usimwendee kwa ghafla. Mbwa asiyesikia na asiyeona vizuri akishtuliwa usingizini anaweza kung'ata kwa hofu. Mzee wa Junju hupiga mguu chini karibu naye, mbwa auhisi mtikisiko, kisha ndipo amguse. Wafunze watoto hivyo hivyo.

Kama huna wa kumwokota mlangoni, chama cha KSPCA, ambacho asili yake ni ya mwaka 1910 na makao yake makuu yako Karen, Nairobi, huwapokea wanyama waliotupwa na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Na kwa wanaodhani kumtelekeza mnyama ni jambo la mtu na nafsi yake, sheria za Kenya, Sura ya 360, zinautambua ukatili dhidi ya wanyama kuwa ni kosa.

Zamu ya magharibi

Nilikaa hadi jua likaanza kuzama nyuma ya minazi. Mama aliwasha moto. Mwadhini akasikika kwa mbali. Nilikuwa nimesimama kuaga wakati Mstaafu, ambaye mchana kutwa hakuwa amenyanyua hata kichwa, alipoanza kujiinua. Miguu ya mbele kwanza, kisha akatulia kidogo, kisha ya nyuma. Akatoka chini ya mkorosho akaanza kutembea kando ya ua, polepole, pua chini. Akapita nyuma ya zizi la mbuzi, akapita penye uzio wa fito, akanywa maji ya kigae kwa kupenyeza mdomo kati ya fito mbili, akafika penye njia ya kuingilia. Hapo akasimama, akatazama kule gizani kwa jicho lake moja, akabweka mara moja tu.

Mjukuu wa mzee akataka kumrudisha ndani asije akajikwaa.

"Mwache," mzee akasema. "Amalize zamu."

Wahenga walisema wema hauozi. Labda ni kweli, lakini wema unaweza kuachwa nje ya lango hadi ukafa kwa njaa, na walio wengi wetu tukapita. Mzee huyu alipita mara moja, kisha akarudi.

Bodaboda aliyenirudisha barabarani alikuwa kijana yule yule wa asubuhi. Tulipofika Vipingo giza lilikuwa limeingia, na matatu ya Mombasa ilipokuja nilipata kiti cha dirishani. Hadi Mtwapa nilikuwa nikifikiria njia ya reli ya Voi.

Je, msomaji, pale langoni pako au pa jirani yako hapana anayengoja zamu yake ianze? Kamtazame leo, kabla ya kumaliza kusoma ukurasa unaofuata.